Kovu Nililolipaka

Aliyenikata hakuonekana kuwa na hasira. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulikubali. Nilikuwa nimetoka kupeleka sweta na marinda ya shule huko Kaptembwo, jioni bado kuna mwanga, mvua ya rasharasha, nikakata njia ya nyuma ya ukuta wa mawe ili nifike stejini kwenye matatu haraka. Walikuwa wawili. Mmoja alinikaba shingo kwa nyuma mpaka pumzi ikakatika. Wa pili alikuwa amevaa koti la mvua la njano lenye kofia na gambuti nyeusi, akasimama mbele yangu akaanza kuuvuta mfuko wangu. Ningeuachia. Ndani mlikuwa na simu, mkasi na tepu ya kupimia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ningekifia. Lakini nilikuwa nimeuzungusha mkanda wa mfuko kwenye kifundo cha mkono, kama wanawake wengi tunavyofanya tukipita njia zile, na kadiri alivyovuta ndivyo ulivyozidi kukaza. Nilijaribu kumwambia angoje niufungue. Sauti haikutoka. Akachomoa panga ndani ya koti akaupiga mkanda, na panga likaupata mkanda na mkono pamoja.

Alipiga tena, kwa sababu mkanda ulikuwa haujakatika.

Katika ile mara ya pili ndipo tulipotazamana. Kofia ilimfunika mpaka kwenye nyusi na ndevu zilikuwa changa. Macho yake yalikuwa usawa mmoja na yangu, na mimi ni mtu mfupi, nikisimama kwenye mkutano wa kanisa huwa naona migongo tu. Alikuwa anautazama mkono wangu jinsi mimi ninavyotazama kitambaa kigumu kinachokataa mkasi. Mkanda ukakatika, wakakimbia. Mimi nikabaki nimekaa kwenye tope nimeushika mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto, vidole viwili vimelegea, na mfupa mweupe unaonekana pale ambapo damu ilikuwa haijafika.

Hospitalini walinishona. Walitafuta mishipa inayovuta vidole, wakaiunganisha, wakafunga mkono wote kwa banzi. Banzi lilipotolewa, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimelala kama vya mtu mwingine. Mimi ni fundi wa nguo. Nilianza kushona sare nikiwa msichana, katika nyumba hii hii ya mtaa wa Section 58 ambayo babu yangu aliiachia familia baada ya kustaafu reli, na cherehani ndiyo iliyolea watoto wangu mpaka wakaenda kujitegemea. Sasa niliikalia cherehani na sikuweza kuingiza uzi kwenye tundu la sindano.

Hapo nikawa mtu mbaya. Nilivunja vikombe. Nilirusha sufuria ya uji ukutani kwa mkono wa kushoto kwa sababu kifuniko kilikataa kufunguka. Mchana nikiwa peke yangu nilimwua yule mtu wa koti la njano kwa njia nyingi: kwa mkasi shingoni, kwa pasi ya makaa usoni, kwa panga lake mwenyewe. Nilimkata vidole kimoja kimoja. Nikimaliza mkono ulikuwa unauma kana kwamba ndio uliofanya kazi hiyo yote.

Mume wangu ni fundi wa magari, gereji yao iko upande ule wa Kaptembwo. Ni mtu mpole. Tangu tuoane hajaninyoshea hata kidole. Alifagia vile vikombe bila neno, akapika, akanisuka nywele vibaya lakini akanisuka. Jambo moja tu alilorudia, akiosha mikono ile oili isiyotoka kwenye kucha, ni kwamba atampata aliyenikata.

Daktari wa mazoezi pale hospitalini alikuwa kijana mrefu wa kutoka pande za Molo, mtoto wa wafugaji, ambaye kwanza aliniita mathe na baadaye mum. Alinipa mpira wa kuminya, akanipa maharagwe niyaokote moja moja nikiyahamisha bakuli. Nilifanya siku chache nikaacha. Nilimwambia kwamba sikuzaliwa niokote maharagwe. Hakukasirika. Wiki iliyofuata alitoa kwenye mfuko wa koti lake jeupe kitu kilichofungwa kwenye tishu, akakiweka mezani mbele yangu.

Kilikuwa kisanamu cha plastiki ya kijivu, urefu wake kama kidole gumba. Mbilikimo mwenye ndevu zilizosukwa, ameinua shoka kwa mikono miwili, mdomo wazi. Hata meno yalionekana. Chini ya mguu wake kulikuwa na kichwa cha zimwi kilichokatwa.

Akanieleza kwamba yeye na marafiki zake hukutana Jumamosi mchana katika chumba kilicho juu ya duka la dawa mjini, wanapigana vita vya mezani kwa visanamu hivyo na dadu. Mmoja wao anafanya kazi kwa daktari wa meno, ana mashine inayochapa meno ya bandia, na mashine hiyo hiyo ndiyo inayowachapia majeshi. Wanavipaka rangi wenyewe.

“Ukiweza kumpaka huyu macho,” akasema, “hiyo sindano yako itakuwa kitu kidogo sana.”

Nilimchukua yule mbilikimo kwa sababu ya shoka. Sitasema uongo. Niliona namna alivyoinua mabega, uzito wote uko nyuma tayari kushuka, na nikamtaka.

Mwanzo wangu ulikuwa wa aibu. Kijana alinipulizia praima ya magari, ile ya kijivu ya kopo, akanipa brashi ndogo za kupambia kucha na rangi za maji kutoka duka la vitabu. Nilichukua rangi kama ilivyotoka kwenye chupa nikampaka. Ndevu zikajaa, meno yakazibika, macho yakawa matone mawili meupe kama ya mtu aliyepigwa na umeme. Mkono wangu ulitetemeka, ule wekundu wa koti ukaingia kwenye shingo, na mbilikimo akaonekana amechinjwa yeye badala ya zimwi. Kijana alipomwona alicheka kidogo, kisha akanionyesha. Rangi huongezwa maji mpaka iwe kama maziwa. Hupakwa tabaka nyembamba, hungojwa ikauke, hupakwa tena. Kiwiko hukaa mezani, vifundo vya mikono yote miwili hugusana ili mkono mmoja uushike mwingine. Rangi ya kahawia ikichanganywa na maji mengi na tone la sabuni ya vyombo, huteremka yenyewe kwenye mikunjo na kuacha vivuli. Halafu brashi kavu, iliyofutwa karibu rangi yote kwenye karatasi, hupitishwa juu juu, na kila unywele wa ndevu unajitokeza.

Hiyo ya brashi kavu ilinishika. Nilipoiona mara ya kwanza, ndevu zikitokea kama mtu anayetoka kwenye ukungu, nilisahau mkono. Nilipokumbuka, kidole cha kati kilikuwa kimekunjika kikiishika brashi.

Basi nikaendelea. Nilipaka mifupa inayotembea na mikuki, nikapaka majitu yenye pembe. Akina mama wa kanisa waliokuja kuniombea waliviona dirishani, mmoja akaniuliza kwa upole kama kuna mahali nimejiunga. Nikawaambia ni dawa ya mkono. Waliomba kwa nguvu zaidi.

Kilichonifaa hasa ni kuvibadilisha. Kijana alinifundisha kukata kisanamu kwa wembe wa fundi, kutoa mkono hapa na kuubandika pale kwa gundi ile kali ya tone moja, na kujenga nguo, nywele au ngozi kwa epoksi ya mafundi wa mabomba, ile ya rangi mbili unayoikanda. Mara ya kwanza kushika wembe nilitapika. Mara ya pili nilimkata zimwi mkono begani, nikasikia plastiki inatoa mlio, na nikajisikia vizuri. Nikamkata na wa pili. Kwa muda fulani karibu kila kisanamu kilichopita kwangu kilitoka bila kiungo fulani. Nilipaka vidonda. Nilijua rangi ya damu inayotoka sasa hivi na ya ile iliyokaa kwenye kitambaa, na nilijua mfupa si mweupe kama watu wanavyodhani, una unjano. Wale vijana wa Jumamosi, ambao nilikuwa nimeanza kwenda kucheza nao, walivipenda sana. Kwenye meza yao jeshi langu lilikuwa linatisha kuliko yote, na dadu zilipokubali nilikuwa nawaua watu wao kwa furaha ambayo nilijitahidi kuificha.

Halafu kikaja kisanamu cha mwizi. Mchezo una watu wa namna nyingi, na mmoja wao ni mwizi wa mjini: joho lenye kofia, buti, kisu kifupi mkononi. Nilimtazama kwenye tishu nikajua ni nani. Nikakikata kile kisu mkononi mwake. Nikakata kipande cha bati la kopo la mafuta ya kupikia, nikakinoa kikawa panga, nikamshikisha. Joho nikaligeuza koti la mvua kwa epoksi, na mikunjo yake nikaifinyanga kwa ncha ya sindano, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niijuayo. Njano. Gambuti nyeusi. Nikampaka uso, ndevu changa. Nilimtengeneza kwa siku nyingi, mara kwa mara nikifuta na kuanza upya, na kadiri nilivyompaka ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika kwamba ndivyo alivyokuwa. Sikuona wakati ule kwamba nilikuwa nakumbuka kisanamu na si mtu.

Nilipokuwa namalizia jicho la kushoto, kidole changu kilishtuka kama kinavyoshtuka mpaka leo, na brashi ikavuta mstari mwembamba wa rangi nyepesi kuikata nyusi. Nilitaka kufuta. Nikakumbuka kijana aliniambia kosa dogo usilifute, ligeuze kovu, uso utapata maisha. Nikaongeza kivuli chini ya mstari na mng’ao juu yake. Kovu likawa zuri. Ndilo lilikuwa jambo bora nililokuwa nimepaka mpaka siku ile.

Mume wangu alikishika kile kisanamu akakipeleka dirishani kwenye mwanga.

“Ndio huyu?” akauliza.

Nikamwambia ndio huyu.

Aliniuliza koti lilikuwa na kofia namna hii, nikasema ndiyo. Kuhusu kovu hakuuliza, na mimi sikulitaja, sikuona sababu. Asubuhi yake kisanamu hakikuwa dirishani. Nilidhani kimeanguka nyuma ya kabati, nikatafuta, kisha nikapaka kingine.

Kumbe alikuwa anatembea nacho mfukoni. Aliwaonyesha wenzake wa gereji, akawaonyesha watu wa bodaboda wa stejini, akawaonyesha wauza mitumba. Mahali ambapo neno “mtu wa koti la njano” lisingefika popote, kisanamu kilifika. Watu walikipokezana, wakakisifu, wakakiangalia uso. Koti mtu huvua. Kilichobaki vichwani mwao ni kovu.

Ilikuwa siku ya soko, saa za kabla ya chakula cha mchana. Mtu wa bodaboda alikuja kunichukua nyumbani akisema mume wangu ananiita haraka, wamemshika. Nilipanda na aproni yangu ya rangi. Njiani sikuwaza lolote, nilisikia tu moyo wangu ukipiga kwenye kile kidonda kilichokwisha kupona.

Umati ulikuwa nyuma ya ule ule ukuta wa mawe. Waliponiona walinipisha, wengine wakinishika bega kwa huruma, mathe pole, mathe leo ni leo. Katikati alikuwa amelala mtu kwa ubavu. Shati lilikuwa limekwisha kuraruliwa. Mguu mmoja ulikuwa umepinda mahali pasipo na goti. Kulikuwa na mawe, mbao yenye misumari, na tairi la kumchomea, ambalo mtu alikuwa amelikalia akingoja. Koti la njano lilikuwa limetupwa pembeni, na ni kweli lilikuwa la njano, kama yale yanayouzwa kila duka la vifaa hapa mjini kukinyesha.

Mume wangu alisimama karibu na kichwa chake na spana ya magurudumu mkononi. Sikuwahi kumwona na uso ule.

“Mwangalie,” akaniambia. “Sema ni yeye.”

Niliinama. Pale palipokuwa na uso palikuwa na damu na mchanga, na midomo imepasuka mpaka ikapoteza umbo lake. Nikasema siwezi kumjua, sura haionekani. Nilisema hivyo nikidhani nimewazuia. Mtu mmoja akachukua mtungi wa maji wa muuza mboga akammwagia usoni, mwingine akamfuta kwa lile shati, kwa nguvu, mtu yule akalia kama mbuzi, ili mimi nione vizuri.

Jicho moja lilikuwa limezibika. La kushoto lilikuwa wazi, na juu yake, likiikata nyusi, kulikuwa na kovu la zamani.

“Si unaona?” sauti ikasema nyuma yangu. “Hiyo kovu ndio ile ile.”

“Mathe,” akasema yule mtu chini. Ilikuwa kazi kusikia. “Mimi nabeba mizigo tu hapa soko. Uliza watu.”

Hapo nikaelewa kilichotokea, na nikaelewa chote kwa mara moja. Nikasimama nikapiga kelele kwamba sio yeye, wamwache, lile kovu nililiweka mimi, brashi iliteleza, aliyenikata hakuwa na kovu lolote. Nilionyesha mkono wangu, nilionyesha aproni. Maneno yale hayakuwa na maana kwa mtu yeyote. Brashi gani? Walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili kwa hofu. Mwanamke mmoja akanikumbatia akanivuta nyuma akiniambia nisiogope, hatanifanya kitu tena.

Nilimwita mume wangu kwa jina lake la nyumbani, lile ninalolitumia tukiwa wawili. Akageuka. Nikaona spana inashuka kidogo. Lakini walipoanza tena, jiwe la kwanza lilitoka upande mwingine, kubwa, likampata yule mtu kifuani na nikasikia kitu kikivunjika ndani, na baada ya hapo hakuna aliyengoja jibu langu. Nilijitupa mbele. Mbao ilinipata paji la uso, sikujua ni ya nani, na damu ikanimwagikia machoni mpaka nikaona kila kitu chekundu. Nilikuwa nimemshika yule mtu kiwiko. Alikuwa na kiwiko cha moto. Nilisikia mapigo yakiingia mwilini mwake na kuja mpaka kwenye mkono wangu, kama cherehani inavyotetemesha meza, mpaka mtu akanibeba kiunoni akaniondoa.

Aliyenibeba alikuwa mume wangu. Spana hakuwa nayo tena.

Polisi walifika kabla tairi halijawashwa. Walimtupa yule mtu nyuma ya pikapu, na watu waliokuwa na mawe sasa walikuwa watu wa kupita njia. Alikufa jioni hiyo.

Nyumbani mume wangu alinisafisha paji la uso kwa maji ya chumvi. Alitoa kile kisanamu mfukoni akakiweka mezani. Nikamwuliza kama alimpiga. Akasema alimpiga mguuni, kabla sijafika. Nilifikiria ule mguu ulivyokuwa. Nilihamia chumba cha watoto na kwa wiki kadhaa tukaishi kama wapangaji wawili, kila mtu akisikiliza milango ya mwenziwe.

Kilichonitesa sana ni kwamba nilikuwa sijui. Kovu lilikuwa la uongo, lakini je, mtu? Huenda walimkamata kwa sababu isiyo ya kweli na bado akawa ndiye. Kuna saa niliomba awe ndiye. Niliwaza mapanga na mikono, nikijaribu kuuvisha ule uso uliopasuka kofia ya njano, na kila mara uliokuja ulikuwa wa plastiki.

Mke wake alikuja mwezi uliofuata. Alikuwa msichana, karibu umri wa binti yangu mkubwa, mtoto amelala mgongoni kwenye leso. Alisimama mlangoni akaniuliza kama mimi ndiye yule mama wa mkono. Nikamkaribisha. Hakukaa. Nilitaka kumwambia pole, akanikatiza kwa heshima.

“Mama, nimesikia kuna kisanamu,” akasema. “Nataka kukiona.”

Nilikileta. Alikishika kwa vidole viwili, akakizungusha pole pole, akalitazama panga la bati, gambuti, uso. Mtoto akanyosha mkono kukichukua, akamzuia. Nilikuwa naogopa atalia au atanipiga nacho, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

“Huyu mtu wako alikuwa mfupi ama mrefu?” akauliza.

Nikamwambia alikuwa mfupi, kama mimi. Nikamwambia tulitazamana macho kwa macho.

“Bwanangu akiingia kwa nyumba lazima angeinama. Hata hapa kwako angeinama.” Akautazama mlango wangu. “Hii kovu alipigwa na ng’ombe huko kwao akiwa mdogo.”

Mimi nilimwona akiwa amelala chini tu, miguu imekunjwa na kuvunjwa. Na wale wote waliokipokezana kisanamu walikuwa wameona mtu wa urefu wa kidole gumba. Nani angeuliza urefu wake?

Nikamwambia hakuwa yeye. Nikamwambia mumewe hakunikata, na kwamba nitasema hivyo mbele ya yeyote atakayeniambia niseme. Aliitikia kwa kichwa. Alikiweka kisanamu mezani, akamkaza mtoto mgongoni, na kabla hajatoka akaniuliza kama mkono unapona. Ningependa asingeuliza.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimwambia yote. Alivua viatu, akavaa tena. Kisha akasema atakwenda kituo cha polisi kuandikisha alichofanya, na akaniuliza kama nitamsindikiza. Tulikwenda asubuhi kwa miguu, bila kushikana mikono lakini pamoja. Walimshika, wakamweka ndani, baadaye akapata dhamana. Wengine watatu waliotajwa walikana. Kesi bado inaendelea. Tunakwenda mahakamani, inaahirishwa, tunarudi. Pale gerejini baadhi ya wenzake hawamsemeshi, kwa sababu ametaja majina. Yule mwanamke huja kila mara, anakaa benchi la mbele na mtoto wake ambaye sasa anatembea. Mimi nimetoa ushahidi wangu. Nilisimama nikaeleza habari ya brashi na kovu, na safari hii walinisikiliza mpaka mwisho, karani akiandika. Aliyenikata hajulikani mpaka leo.

Nimerudi kulala chumbani kwetu na mume wangu. Kuna mambo hatuyasemi, na kuna asubuhi naamka nikimtazama mikono kabla ya kumtazama uso.

Kile kisanamu nilikitia kwenye tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, rangi yote ikatoka kwa mswaki, njano, nyeusi, na uso, nikalitoa lile panga la bati nikalitupa chooni. Kwa muda mrefu sikugusa brashi. Kijana wa mazoezi hakunilaumu wala hakunihimiza, ila alinikumbusha kwamba vidole visipotumika vitarudi vilivyokuwa. Alikuwa sahihi. Nilirudi kwenye kile chumba cha juu ya duka la dawa mvua za masika zilipokwisha. Napaka majitu, mbwa mwitu, majoka yenye mabawa. Mume wangu, akipeleka gari la mteja upande wa Elmenteita, aliniletea mfuko mdogo wa udongo mweupe wa Kariandusi, mwepesi kama unga wa ngano, nikagundua ukichanganywa na gundi nyeupe unakuwa theluji safi chini ya miguu yao. Vita vingi mezani kwetu sasa hupiganwa kwenye theluji, na wachezaji wanafurahi, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuikanyaga. Bado nikitupa dadu vibaya nataka kuvunja kitu. Bado nikimkata mtu wa plastiki mkono, kuna furaha fulani hupita haraka, nami huiacha ipite.

Jumamosi iliyopita binti mmoja wa chuo, mgeni katika kikundi, aliniletea shujaa mwenye mkuki akaniomba nimpake afanane na yeye: nywele zake, rangi yake, hata kidoti chake cha shavuni. Alikuwa amekuja na picha kwenye simu. Nilimwambia nitampakia ngao, nguo, mkuki, na damu kama anaitaka. Uso nikampa brashi, nikamwonyesha namna ya kukaza kiwiko mezani, nikamwambia apake mwenyewe.